Nani Atang'oa Magugu? Tafakari juu ya mwisho wa mwema na mwisho wa mwovu



Vijana wenzangu, nawaandikia kutoka huku Kasansa, bonde la Mpimbwe, mkoani Katavi. Leo nataka tutafakari pamoja swali ambalo vijana wananiuliza karibu kila tukikaa kwenye jumuiya. Wanaliuliza kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile: "Frateri, kama kweli Mungu ana mwisho mmoja kwa mwema na mwingine kwa mwovu, mbona huku mtaani hatuuoni?"

Ni swali la haki kabisa. Zaburi ya kwanza, ile inayofungua kitabu chote cha Zaburi, inatuwekea njia mbili mbele yetu. Mwenye haki anafananishwa na mti uliopandwa kando ya maji, unaozaa kwa majira yake. Mwovu anafananishwa na makapi yanayopeperushwa na upepo. Sisi watu wa mpunga makapi tunayajua. Ukipepeta, punje nzito inabaki kwenye ungo na pumba inakwenda zake. Picha inaeleweka vizuri sana.

Shida inakuja ukiinua macho kutoka kwenye kitabu. Unamwona mtu aliyekula hela za wakulima wenzake akijenga nyumba ya bati la rangi. Unamwona mwingine aliyemnyang'anya mjane wa kaka yake shamba, na mwaka huo huo shamba hilo hilo likamzalia magunia ya kutosha. Halafu unamwona mama wa watu anayeshika Rozari kila jioni, anayewahi kigangoni kufagia kabla ya watu kufika, na mtoto wake anafariki kwa malaria. Sasa hapo nani mti na nani makapi?

Biblia yenyewe imeshaliuliza swali hili kabla yetu. Fungua Zaburi ya 73. Aliyeitunga anasema wazi kwamba kidogo miguu yake iteleze, kwa sababu aliwaonea wivu waovu: wamenona, hawana shida kama watu wengine, na kiburi wamekivaa kama mkufu. Kwa hiyo kijana anayeuliza swali hili asidhani amepoteza imani. Yupo kwenye sala ya watu wa Mungu tangu zamani.

Majibu mawili ya haraka

Kuna majibu mawili ambayo watu huyakimbilia, na yote mawili yanatuumiza.

La kwanza ni hili: "Mungu analipa hapa hapa duniani." Ukifanya mema utafanikiwa, ukifanya mabaya utaona. Linasikika kama imani kubwa, lakini hebu lifuate mpaka mwisho wake. Kama mafanikio ni ushahidi wa haki, basi mateso nayo ni ushahidi wa uovu. Yule mama aliyefiwa na mtoto anapewa msiba wa pili: watu wanaanza kuulizana alifanya nini. Hivyo ndivyo walivyofanya rafiki za Ayubu. Walikuja kumfariji, wakaishia kumpekua dhambi zake. Na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayubu, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa juu yake (Ayu 42:7).

Bwana wetu Yesu naye aliulizwa jambo hili mara mbili. Aliambiwa habari za watu waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari za wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Akauliza kama walikuwa wenye deni kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo (Lk 13:1-5). Tena mbele ya yule kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili (Yn 9:1-3). Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba msiba wa jirani ni hukumu ya Mungu, mwambie kwa upole kwamba Yesu hakufundisha hivyo.

Jibu la pili ni kinyume chake: "Hamna kitu. Mwema na mwovu wote wanaoza, mchezo umekwisha." Siku hizi vijana wanalisema kwa utani, lakini nyuma ya utani kuna uchungu. Mtu ameona wizi ukilipa na uaminifu ukichekwa, akaamua kwamba tofauti ya wema na ubaya ni hadithi ya kuwatuliza maskini.

Wanafalsafa walikwama wapi

Nilipokuwa nasoma falsafa seminarini, tulikaa na swali hili muda mrefu. Plato, kwenye kitabu chake cha *Jamhuri*, anaeleza kisa cha mchungaji Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Alipogundua nguvu yake, aliingia ikulu, akamuua mfalme, akachukua ufalme. Swali la Plato ni rahisi: je, wewe ukiwa na pete hiyo, ukawa na uhakika kwamba hakuna atakayekuona wala kukushika, utabaki mwadilifu? Na kama utabaki, kwa sababu gani?

Karne nyingi baadaye, mwaka 1788, Immanuel Kant aliandika kwamba mtu anapaswa kutenda wajibu wake kwa sababu ni wajibu, si kwa kutafuta malipo. Lakini Kant huyo huyo aliona tatizo. Akili yetu haikubali kwamba wema na furaha viachane milele, mwenye haki aishie kwenye majonzi na mwovu aishie kwenye starehe, kisha basi. Ndiyo maana akasema maadili yenyewe yanatuelekeza kutumaini kwamba Mungu yupo na kwamba roho haifi. Hakusema amethibitisha kama mtu anavyothibitisha hesabu. Alisema bila tumaini hilo maadili yetu yanabaki yameegemea hewani.

Mimi naona jambo hili linaeleweka vizuri zaidi tukilitazama hapa hapa kwetu Katavi.

Wengi wenu mmesikia habari za Adriano Atiman, daktari na katekista wa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mababa Weupe, walimkomboa. Wakamsomesha udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo akabaki akitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kuwahudumia watu ambao hawakuwa ndugu zake kwa damu. Aliowatibu walisimuliwa na watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu. Majina ya wale waliomwiba hakuna anayeyajua. Ukitaka kumwona mti wa Zaburi ya kwanza, uliopandwa kando ya maji, huyo hapo kando ya ziwa letu.

Hadi hapo kisa kinatupendeza. Lakini ngoja kwanza. Atiman hakuvuka jangwa peke yake. Kulikuwa na watoto wengine kwenye misafara ile, na wengi walianguka njiani, wakaachwa mchangani. Na hata huku kwetu, njia za misafara zilipita Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo. Watu walifungwa minyororo, na aliyechoka aliachwa afe. Hao hawakukombolewa na mtu. Hawakusomeshwa. Hawana kaburi wala jina. Kwa upande mwingine, wako wafanyabiashara waliozeeka wakiwa matajiri, wakafa vitandani mwao, wakazikwa kwa heshima.

Sasa uliza tena: kama kaburi ndilo mwisho, haki ya yule mtoto aliyeachwa jangwani iko wapi? Hakuna mahakama ya dunia inayoweza kumfikia. Hakuna fidia. Hakuna hata anayeweza kumwomba msamaha. Hapo ndipo fundisho la Kanisa juu ya hukumu ya mwisho linapoacha kuwa kitisho cha kuwatia watoto woga. Linakuwa habari njema. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake *Spe Salvi* wa mwaka 2007, anafundisha kwamba neema haifuti haki. Waovu hawakai mezani kwenye karamu ya milele pamoja na wale waliowaumiza, bila tofauti yoyote, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kitabu cha Hekima, katika somo tunalolisikia mara nyingi kwenye misa za marehemu, kinatuambia kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu, hata kama machoni pa watu walionekana wameangamia (Hek 3:1-9). Mungu anawajua wale watoto kwa majina.

Kwa hiyo tunasema wazi, bila kuona haya: mwisho wa mwema na mwisho wa mwovu haufanani. Tajiri aliyempita Lazaro mlangoni kila siku na Lazaro mwenyewe hawaishii mahali pamoja (Lk 16:19-31). Na Kanisa linafundisha kwamba Mungu hampangii mtu yeyote kwenda motoni (Katekisimu, 1037). Mtu hujitenga mwenyewe, kwa kuukataa upendo mpaka mwisho (Katekisimu, 1033).

Wasioweza kungoja

Lakini ninachotaka hasa kuwaambia leo ni hiki kinachofuata. Ukishaamini kwamba wema na waovu watatenganishwa, linakuja jaribu jipya: kutaka kuwatenganisha wewe mwenyewe, tena leo.

Yesu alilijua jaribu hili, ndiyo maana akatoa mfano wa ngano na magugu (Mt 13:24-30). Mtu amepanda mbegu njema, usiku adui akaja akapanda magugu katikati yake. Watumishi wanataka kwenda kung'oa. Bwana shamba anakataa, kwa sababu wakiyang'oa magugu watang'oa na ngano pamoja nayo. Anawaambia wangoje mavuno. Na Yesu mwenyewe anapoeleza mfano huo (Mt 13:36-43), anasema wavunaji ni malaika. Mimi na wewe hatumo kwenye orodha ya wavunaji.

Nilipoueleza mfano huu kwa watu wazima huku, mzee mmoja mkulima aliniambia, "Frateri, hapo Bwana Yesu hakuwa na jaruba la mpunga. Sisi tusipopalilia hatuli." Tukacheka wote. Nikamuuliza, "Sawa mzee wangu, na ule mpunga pori nao mnaung'oa?" Akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa. "Ule ukiwa mdogo huwezi kuujua. Unafanana na mpunga kabisa. Mpaka utoe suke."

Basi mzee alikuwa ameueleza mfano kuliko mimi. Magugu ambayo Yesu anayasema ni aina inayofanana sana na ngano ikiwa changa. Huwezi kutofautisha kwa jani. Inabidi ungoje suke. Na hata ukishaona, mizizi imeshafungamana chini ya udongo. Ukivuta moja unakuja na mengine. Kwa hiyo tatizo la watumishi halikuwa uvivu. Walikuwa na bidii sana. Kilichopungua ni macho ya kuona, na mikono yenye uwezo wa kung'oa kimoja bila kuharibu kingine.

Sasa ndugu zangu, tuseme ukweli kuhusu mkoa wetu. Huku Katavi na jirani zetu wa Rukwa tunawajua *lambalamba*, wengine husema *rambaramba* au *kamchape*. Kijiji kikipata vifo mfululizo, watu wanaanza kusema kuna wachawi. Mchango unakusanywa, wataalamu hao wanaitwa. Wanaingia nyumba hadi nyumba, wanapekua, wanachimba, wanatoa pembe na vibuyu, wanawanyoa watu, wanawanywesha dawa. Atakayekataa, hapo hapo anakuwa mshukiwa. Wanaahidi kwamba wakiondoka kijiji kitakuwa safi, waovu watakuwa wamejulikana na wema watakaa kwa amani. Ukiangalia vizuri, hiyo ni siku ya hukumu. Ni mavuno kabla ya mavuno, na malaika wake wanalipwa kwa mchango.

Jambo hili si geni. Miaka ya 1930 lilitapakaa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, likiitwa *mchape*. Likavuka mpaka likaingia Ufipa wakati wa mkoloni, na miaka ya 1960, nchi ikiwa imeshapata uhuru, likarudi tena. Hebu jiulize: kama lilisafisha, lilirudi kufanya nini? Kila kizazi kinaahidiwa kijiji safi, na kila kizazi kinalipia upya. Hakuna kamchape iliyomaliza kifo. Hakuna iliyomaliza wivu wala chuki. Kinachobaki nyuma ni watu wasiosalimiana.

Na tuangalie wanaong'olewa ni akina nani. Karibu siku zote ni wasio na mtetezi: bibi mjane, mtu asiye na watoto, mzee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Kwa miaka mingi kanda ya magharibi na kanda ya ziwa, bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, kwa miaka hamsini ya kuwapikia watoto na wajukuu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika juu ya mauaji haya kwenye taarifa zake. Sheria ya Uchawi, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1928, inakataza hata kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Lakini sheria haiishi ndani ya kikao cha usiku. Wanaoishi humo ni sisi, na mara nyingi vijana ndio wanaotumwa na panga.

Wakati huohuo, yule aliyemnyang'anya mjane shamba anakaa mbele kwenye mkutano, tena yeye ndiye aliyetoa mchango mkubwa kumwita lambalamba. Hakuna anayempekua. Ana nguvu, ana ndugu wengi. Ndiyo maana nasema: mwanadamu akijipa kazi ya kutenganisha, anang'oa kilicho rahisi kung'oka.

Kwa hiyo tukae kimya?

Hapa kijana makini atanipinga. Atasema, "Frateri, unataka tuwaache wezi na wauaji waendelee, eti tungoje siku ya mwisho?"

Hapana. Tutofautishe mambo mawili. Kuhukumu tendo ni jambo moja. Kutoa hukumu ya mwisho juu ya mtu ni jambo lingine kabisa. Mtu akiiba, apelekwe polisi, ushahidi utolewe, ajitetee, na akipatikana na hatia aadhibiwe. Mtakatifu Paulo anasema mamlaka ina kazi yake ya kuadhibu uovu (Rum 13:4), na mistari michache tu kabla ya hapo amekataza mtu kujilipizia kisasi mwenyewe (Rum 12:19). Ndani ya Kanisa pia Yesu ametupa utaratibu: mwendee ndugu yako peke yenu, kisha na mashahidi, kisha mbele ya jumuiya (Mt 18:15-17). Yote hayo yanahusu jambo lililotendwa, linaloweza kuonekana na kuthibitishwa, na yanamwachia mtu nafasi ya kurudi.

Kamchape inafanya kitu tofauti. Haiulizi ulifanya nini, siku gani, nani aliona. Inasema *wewe ni nani*: wewe ni gugu. Hakuna ushahidi unaoweza kukutetea, na hakuna toba inayoweza kukurudisha. Hapo mtu amekaa kwenye kiti cha Kristo. Kwa kweli anayeamini hukumu ya mwisho ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulikataa jambo hili, kwa sababu anajua kiti kile kina mwenyewe.

Na hapa nadhani kuna jibu kwa wanaosema imani ya hukumu ya mwisho inawafanya watu wawe wakali. Kwangu mimi naona kinyume. Asiyeamini mavuno ndiye mwenye haraka ya panga. Kama haki haitapatikana kamwe isipokuwa mimi niipate leo usiku, basi sina budi kumaliza leo usiku. Lakini kama yupo Hakimu anayeona hadi jangwani, naweza kutafuta haki kwa njia za haki, na pale njia hizo zinapoishia, naweza kuacha mikono yangu ikiwa haina damu.

Mavuno yatapima nini

Kuna jambo lingine ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Yesu ametueleza kabla ya wakati siku ile itauliza nini. Soma Mathayo 25:31-46. Kondoo na mbuzi wanatenganishwa kwa maswali ya kawaida kabisa: nilikuwa na njaa, nilikuwa na kiu, nilikuwa mgeni, uchi, mgonjwa, kifungoni. Pande zote mbili zinashangaa, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kwamba alikuwa mbele ya Kristo.

Sasa weka maandiko hayo mbili pamoja, utaona kitu cha kutisha. Yule bibi mwenye macho mekundu, ambaye kijiji kimemweka upande wa magugu, ndiye "mdogo" ambaye kwa ajili yake sisi wenyewe tutaulizwa. Tulidhani tunamhukumu, kumbe tulikuwa tunahukumiwa. Aliyempelekea maji, aliyekaa naye mlangoni mchana kweupe watu wakimwona, alikuwa anamhudumia Kristo. Na aliyempigia kelele je?

Kwa hiyo ukiniuliza mwisho wa mwema na wa mwovu unaanzia wapi, nitakujibu unaanzia mlangoni kwa bibi huyo.

Gugu linaweza kuwa ngano

Nimalizie na tofauti moja kati ya shamba la mpunga na shamba la Mungu. Mpunga pori hautakuwa mpunga hata ungoje miaka kumi. Mtu anaweza kubadilika. Mtakatifu Agustino aliwahi kuwahubiria waamini wake juu ya mfano huu, akawaambia kwamba aliye gugu leo huenda kesho akawa ngano. Alikuwa anajua anachosema. Mama yake Monika alimlilia miaka mingi. Kama watumishi wangepewa ruhusa ya kung'oa mapema, Kanisa lisingekuwa na Agustino.

Tumtazame pia Mtakatifu Yosefina Bakhita. Naye kama Atiman aliibwa akiwa mtoto, huko Darfur, akauzwa mara kadhaa, akachanjwa mwilini. Alipozeeka kama mtawa kule Italia, alisema kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana kupitia njia hiyo alimjua Kristo. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Bakhita hakusema walichofanya kilikuwa chema. Alama za makovu alibaki nazo. Lakini hakutamani wapotee. Ndivyo alivyo Mungu mwenyewe, ambaye kwa kinywa cha Ezekieli anasema hafurahii kufa kwake mwovu, anafurahi mwovu aiache njia yake akaishi (Eze 33:11). Muda huu ambao sisi tunaulalamikia kwamba Mungu anachelewa, ni muda ambao mtu fulani anaendelea kungojwa. Na mimi na wewe tumo.

Maana jaruba ambalo tumepewa ruhusa ya kulipalilia, tena kila siku, ni moja tu: moyo wako mwenyewe. Humo ng'oa bila huruma. Ndiyo kazi ya kitubio.

Basi wiki hii, kijana mwenzangu, nakuachia mambo matatu. Kwanza, mtembelee mzee mmoja anayeishi peke yake, hasa yule ambaye watu wanamsema pembeni. Nenda mchana, msalimie kwa sauti, "Shikamoo bibi," ukae. Pili, kikao cha kuchangia kumtafuta mchawi kikiitishwa kijijini, usitoe hela na usikae kimya. Mwambie katekista, mwambie mwenyekiti, mwambie Padre. Tatu, kwenye sala ya jioni mtaje mmoja aliyekukosea, umwombee abadilike kabla ya mavuno.

Tuombe: Ee Bwana wa mavuno, wewe unayewajua walio wako. Wape haki wale wote waliokufa bila kutetewa. Tuondolee haraka ya kuhukumu, utupe haraka ya kuhudumia. Palilia mioyo yetu, na siku ile utukute tuna suke. Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee. Amina.

Frateri wenu, Kasansa.